Katibu Aliyetuandika Tukiwa Hai

Mtaani kwetu Mabwerebwere, hapa Kilosa, mtu akifa, mambo yake hugawanywa. Kuna wanaochimba, kuna wanaopika, kuna wanaokaa kwenye viti vya plastiki na kuwaeleza wanaopika namna ya kupika. Msemaji wa familia husimama akaeleza marehemu alizaliwa wapi, baba yake nani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Akishakaa, husomwa karatasi ya chama chetu cha kufa na kuzikana, ya kueleza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Kwa Wakristo tunaisoma kabla ya ibada. Kwa Waislamu, ambao hawamcheleweshi maiti, tunaisoma siku ya arobaini, watu wakiwa wameshiba pilau na wana subira.

Karatasi hizo aliziandika Katibu. Alikuwa mwanamke mwenye jina lake, lakini aliyelitumia alijulikana papo hapo kuwa mgeni. Mimi nilikuwa msomaji. Sikuchaguliwa kwa elimu, maana nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mpaka leo siyaongelei mezani. Nilichaguliwa kwa sababu mbili: nina sauti kubwa, na napatikana. Watu wengine wana safari, wana mashamba Tindiga, wana ndugu Morogoro. Mimi nina dirisha la kuuzia sabuni na vocha, na nyuma ya dirisha nipo mimi. Hata safari ya sokoni huwa naifikiria tangu jana yake.

Katibu aliniita Spika.

"Spika, upo?"

"Nipo, Katibu. Shikamoo."

"Marahaba. Najua upo. Nauliza kwa heshima tu."

Naandika habari zake kwa namna aliyotaka yeye, yaani bila kuanza na alikozaliwa. Alikuwa akisema kuzaliwa kila mtu amezaliwa na hakuna aliyejitahidi, hivyo hapo hapana sifa. Kazi hii nimeikwepa miaka. Aliniomba mwenyewe, mara nyingi, na alikuwa na hofu moja inayoeleweka: kwamba siku yake ikifika, atasomwa mtu mwingine. Hofu hiyo aliipata kwa kuona kwa macho yake kwamba jambo hilo linawezekana.

Zamani Katibu aliandika kama wote wanavyoandika. Siku moja tulikuwa na misiba miwili ya Wakristo kwa pamoja, mmoja Kidete na mmoja Tindiga. Wa Kidete alikuwa mzee wa reli, mtu wa nyundo na nati, aliyestaafu akabaki anatembea juu ya mataruma hata penye njia nzuri. Wa Tindiga alikuwa mkulima wa mpunga, mtulivu, hajawahi kuliona behewa kwa ndani. Katibu aliandika karatasi mbili, akatia kila moja kwenye bahasha, akaandika majina juu ya bahasha. Ndani aliandika "marehemu" tangu juu mpaka chini, ndiyo ilikuwa heshima. Mimi nikapewa ya Tindiga, mwenzangu akapanda treni na ya Kidete.

Nilisoma vizuri, nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisemea. Marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, mwenye hofu ya Mungu, ameacha pengo lisilozibika. Watu walilia. Kesho yake nikarudisha karatasi, maana Katibu alidai zirudi zote. Akaisogeza mbali na macho, kisha akaisogeza karibu.

"Hii ndiyo uliyosoma?"

"Ndiyo."

"Tindiga?"

"Tindiga, Katibu. Na watu walilia sana."

"Hii ni ya Kidete."

Alikaa pale chini ya dirisha langu, juu ya ndoo ya sabuni ya unga. Karatasi za bahasha zilikuwa zimepishana, na kosa lilikuwa lake.

"Hakuna aliyesema huyu siye?" akauliza.

"Mjane mwenyewe alikuja kunishika mkono. Kasema nimemweleza mumewe kama alivyokuwa."

"Na Kidete?"

"Kidete nasikia walipiga makofi."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni jambo la kuchekwa. Yeye hakucheka. Alikunja karatasi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Basi miaka yote hii hakuna niliyemwandika," akasema. "Nimekuwa nikimzika mtu mmoja tu. Yule yule."

Tangu hapo akabadili kazi. Akaona mtu akishakufa hakuna la kuandika, kwa sababu ndugu wanakuwa na majonzi, na mwenye majonzi anakumbuka sifa tu. Akaamua kuwaendea watu wakiwa hai. Anakuja kibarazani kwako mchana, anakaa. Hakuulizi. Anakula njugu zake taratibu, anakutazama ukifua, ukigombana na kuku, ukimjibu mumeo. Halafu anatoa kipande cha karatasi mfukoni mwa koti lake kuukuu la kijivu, anaandika kitu, anarudisha, anaaga.

Sasa fikiria wewe ndiye umekaa kwako, una kikohozi kidogo cha vumbi, unamwona mwandishi wa misiba anakuja na kalamu. Mtaa ulitetemeka. Nyumba zilianza kufungwa mchana. Mama mmoja jirani alimtuma mwanawe nje kwa sauti ambayo tuliisikia wote: "Mwambie sijafa, na wala sijapanga." Vijana wa bodaboda walimpisha njia wakimtania kwa mbali, "Katibu, sisi bado, hata kuoa hatujaoa." Mzee mmoja muuza mkaa, ambaye watoto wake walimbembeleza mwaka mzima aende hospitali akakataa, siku Katibu alipokaa mbele yake na kutoa karatasi, alinyanyuka akavaa viatu, akaenda hospitali mwenyewe kwa miguu. Akapona. Watoto wakampelekea Katibu kuku wa shukrani, naye akamkataa, akisema amekatishwa kazi katikati.

Lakini misiba ikaja, kama inavyokuja, na karatasi zake mpya zikaanza kusomwa. Hapo ndipo nilipopata raha ya kazi yangu. Kwa fundi cherehani wetu nilisoma: "Hakuwahi kumaliza nguo kabla ya Idi iliyokusudiwa. Lakini nguo aliyoimaliza ilimzidi umri aliyeivaa." Watu waliangua kicheko mbele ya sheikh, halafu kicheko kikageuka kilio katikati, na mimi pale mbele sikujua nisubiri nini kiishe. Kwa mama mmoja muuza samaki wa kukaanga nilisoma: "Alikatakata vitunguu bila chozi. Alilia siku ya matokeo ya darasa la saba, kwa watoto wa watu wengine." Kwa mzee mmoja mcheza bao: "Akishindwa alisema ubao umepinda. Tuliupima. Ulikuwa umepinda kidogo." Mwanawe alikuja kuniomba ile karatasi akaiweka kwenye fremu ukutani, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi.

Nadhani ndipo nilipoelewa kuandika ni kwa kazi gani. Shuleni nilifundishwa insha kama adhabu. Kwa Katibu niliona sentensi moja inaweza kumzuia mtu asichanganywe na wengine. Mtaa nao ulijifunza. Watu walianza kutazamana. Nilimsikia mwanamke akimwambia mwenzake kisimani, "Yule bwana akicheka anashika goti, umewahi kuona?" Kabla ya hapo angesema tu ni mcheshi.

Yeye mwenyewe alikuwa mgumu. Ukimsoma kupitia karatasi zake utadhani alikuwa mtu wa watu, mlango wazi, sufuria motoni. Sivyo. Hakupenda mgeni ndani kwake. Chai ya jioni alikunywa peke yake, mlango umefungwa kwa komeo, na ukibisha wakati huo alijibu kutoka ndani, "Nipo na mtu," na hapakuwa na mtu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya kama mchwa waliokanyagwa. Nilipata kazi ya usomaji kwa kudumu kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyeuweza bila kukwama. Kalamu hakununua. Aliomba yako aandike neno moja, akaondoka nayo, akiwa na uso wa mtu anayewaza mambo makubwa. Hapa dirishani niliacha kuuza kalamu kabisa, biashara ilikuwa haina maana.

Ujumbe wa simu hakujibu hata siku moja. Kundi letu la mtaa la WhatsApp lilimchosha zaidi ya malaria. Mtu akifariki, zinashuka rambirambi mia, zote na mshumaa na ua, zote zimenakiliwa kutoka kwa aliyetangulia, mpaka kosa la kwanza la jina la marehemu linarudiwa na wote. Aliniambia nimsomee, nikamsomea, akawa anatikisa kichwa.

"Huyu aliyeandika 'tulikupenda' alikuwa amemnunia marehemu tangu mafuriko."

"Ndiyo hali ya kundi, Katibu."

"Angeandika kwamba walinuniana. Marehemu angefurahi. Angalau huyo angekuwa amemkumbuka."

Mama yangu alipofariki, Katibu alileta karatasi siku ya arobaini, nami nikasimama kusoma kama kawaida. Sauti yangu, hii inayofika mpaka reli, haikutoka. Nilifungua mdomo mara kadhaa, nikafanana na samaki. Katibu akanyanyuka, akaichukua mkononi mwangu, akaisoma mwenyewe kwa sauti yake nyembamba, na waliokaa nyuma ikabidi waje mbele. Aliandika kuhusu mama na chumvi, na mama na redio. Halafu akasoma: "Mbele ya watu alimwita mwanawe mvivu asiyetoka nje. Tukiwa wawili aliniambia, nashukuru mmoja amebaki, nyumba ina sauti."

Sikulijua hilo. Nilikuwa nimeishi na mama maisha yangu yote, umbali wa pazia, na neno hilo ilibidi nilipate kwa jirani. Watu walipoondoka nilikaa uani na masufuria ya kuazima, nikajiambia kwamba sasa nyumba ina mtu lakini haina sauti, maana mtu mmoja hapigi kelele.

Ni baada ya hapo ndipo alipoanza kuniomba. Alikuja dirishani, akanunua kiberiti, akasema kama mtu anayeagiza mkate:

"Karatasi yangu utaiandika wewe."

"Mimi? Mimi nasoma tu, Katibu. Kuandika sijui."

"Nani mwingine? Ndugu wa hapa sina. Ukikataa wataandika mpenda watu."

"Si utaandika mwenyewe?"

"Ulishaona mtu anajinyoa kisogo?"

Nikacheka, nikampa chenji, nikabadili mazungumzo. Akaja tena mwezi mwingine, na mwingine. Kila alipotaja nilikuwa na dharura dukani, na anayeijua biashara yangu anajua dharura haijawahi kuikanyaga. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo: alitaka nami nikakae kibarazani kwake, mchana mmoja, nimtazame. Mtu aliyewatazama watu wote hakuwa na wa kumtazama yeye. Nilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwake, na sikwenda.

Macho yakaanza kumwacha. Kwanza alikosea mistari, akaandika sentensi mbili juu ya moja. Kisha akawa ananitamkia mimi niandike, lakini mtu wa kutazamwa akija alikuwa hamwoni tena, anasikia tu. Chama kikachagua katibu mwingine, kijana mwenye kompyuta mpakato, anayechapa vizuri na kuweka mpaka wa maua kwenye karatasi. Marehemu wakarudi kuwa wacheshi na wapenda watu. Binti wa kaka yake Katibu, anayeuza chipsi Mikumi kando ya barabara kuu, akaja na gari dogo akamchukua pamoja na godoro. Asubuhi ile Katibu alipita dirishani.

"Spika, upo?"

"Nipo."

"Haya. Mimi sipo."

Nyumba yake ilibaki na komeo kwa nje. Mchana ambao hakuna wateja nilikuwa naitazama. Mara kadhaa nilichukua daftari la dukani nikajaribu kumwandika, nikachana. Kila nilichoandika kilimfaa mtu yeyote aliyewahi kuzeeka.

Mpaka salamu zikaja kupitia kwa dereva wa mizigo: Katibu anaumwa, anauliza kama Spika bado yupo. Sasa kwenda Mikumi kwa watu wengine ni asubuhi tu. Kwangu ilikuwa kama kuhama nchi. Nilifunga dirisha, nikalifungua kuhakikisha nimelifunga, nikapanda kosta ya asubuhi nikiwa na karatasi mfukoni na kalamu soksini.

Banda la chipsi liko mahali malori yanapopunguza mwendo. Binti wa kaka yake alikuwa mbele ya kikaango, mwanamke mnene mwenye haraka, anahudumia madereva watatu kwa mikono miwili. Hakuacha kazi.

"Wewe ndiye wa Kilosa? Yupo nyuma. Usimchoshe."

Katibu alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya banda, amevaa koti lile lile, anamenya viazi kwa kupapasa. Alikuwa amepungua mpaka koti lilimzidi kama mtu mwingine aliyemkalia mabegani.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Umetoka ndani? Kuna vita Kilosa?"

"Nimekuja kukusomea."

Nikatoa karatasi niliyokuwa nimeiandika kadiri nilivyoweza, nikasoma. Sikufika mbali. Nilisema mchapakazi, nikasema aliyejitoa kwa jamii.

"Huyo ni wa Kidete au wa Tindiga?" akauliza.

Nikaikunja. Akaendelea kumenya. Hapo nikafanya alichokuwa akikifanya yeye kwa watu: nilivuta ndoo, nikakaa, nikatazama.

Nilikaa mchana wote. Nilimwona akigeuza shavu upande wa barabara kila lori lilipofunga breki, akisema chini kwa chini, "Lina mzigo," au "Tupu hili." Nilimwona akipewa soda, akaimimina nusu kwenye kikombe cha binti wa kaka yake bila kumwambia. Nilimwona, mteja alipomwita "bibi wa viazi", akitafuta kwa kidole jicho la kiazi, akaling'oa, akatupa maganda. Pale Mikumi hakuna aliyejua kwamba alikuwa Katibu. Nilitoa kalamu nikaandika, na nilipochoka kuandika nikawa naona zaidi.

Jua lilipoanza kulegea akasema, "Soma. Kwa ile sauti yako."

"Watasikia watu, Katibu. Mtu hasomewi akiwa hai."

"Ndiyo nataka wasikie. Nikifa nitasikia nini?"

Nikasimama kati ya gunia la viazi na jiko, nikasoma:

"Katibu huwapenda watu wakiwa mbali kidogo. Huwasikiliza, halafu hujifungia na chai. Amechukua kalamu za mtaa mzima na hakurudisha hata moja. Amewaandika majirani zake kila mmoja peke yake, asifanane na mwenzake. Hakuna jirani aliyewahi kumuuliza yeye ameamkaje na akasubiri jibu."

Madereva waliacha kutafuna. Binti wa kaka yake alikuja na kijiko cha kukaangia mkononi, uso umekunjamana.

"Kaka, huu ni uchuro. Unamsomea mtu yupo? Na huo ni uongo. Mimi namuuliza kila asubuhi."

"Unauliza ukiwa umeshavuka mlango," Katibu akasema.

"Nina mafuta motoni, Shangazi."

"Ndiyo. Nimesema unauliza."

Yule mwanamke akafuta mkono kwenye kanga.

"Na hiyo ya kujifungia na chai, hapana," akaniambia mimi, kwa hasira, kama mimi ndiye niliyefunga. "Hapa hafungi. Chai anakunywa pale mbele, saa ya wateja, anawasikiliza wanavyotafuna. Wakiondoka ananiambia yupi ana jino bovu na yupi amegombana na mkewe. Tunacheka mpaka chipsi zinaungua. Hilo umeliandika?"

Sikuwa nimeliandika. Sikulijua. Nilimtazama Katibu akiinamia kiazi chake, na pembeni ya mdomo wake palikuwa pametokea kitu ambacho Kilosa sikuwahi kukiona.

"Mpe kalamu," akasema.

"Mimi? Mimi nimeishia la saba, Shangazi."

"Mpe, Spika."

Nikampa. Akakaa juu ya ndoo yangu, karatasi juu ya paja, akaanza kuandika polepole, ulimi umetoka nje, huku dereva mmoja akijihudumia chipsi mwenyewe. Nikaaga. Katibu akainua mkono bila kugeuka. Binti wa kaka yake hakusikia, alikuwa anatafuta neno. Kosta ya mwisho ya Kilosa ilikuwa inaita watu, na huko hakuna aliyekuwa akinisubiri, nikatembea taratibu.

Nyuma yangu nikamsikia Katibu akisema, "Nisomee ulipofika."

Akasomewa, sikusikia nini.

"Futa hiyo. Sicheki hivyo."

"Unacheka hivyo hivyo, Shangazi. Mimi ndiye ninayekuona."